Tuwapime Viongozi kwa Hoja Zao
Somo la robo mwaka kwa kamati za parokia, vigango na marafiki wa kazi yetu



Katika matoleo yaliyopita tumezoea kuwaletea habari za visima, mashamba ya mpunga, kakao na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tumeona tulete somo la namna nyingine, kwa sababu jambo lenyewe limekuwa likirudi kila tunapokutana nanyi, hapa Ikolo na katika kata nyingine za ukanda wa ziwa. Mnatuuliza: mbona viongozi wa siku hizi wana maneno mengi, lakini wakiulizwa swali moja la hesabu au la sheria, jibu halipatikani?

Swali hilo ni zito, na halifai kujibiwa kwa lawama tu. Tunasema mapema kwamba sisi si wanasiasa, wala kurasa hizi hazimpigii mtu au chama chochote kampeni. Lakini barabara, zahanati, bei ya kakao na kingo za mito yetu huamuliwa katika vikao. Kama waliomo vikaoni hawajui wanachoamua, au hawaruhusiwi kubishana juu yake, jasho la wananchi na sadaka ya wafadhili vinapotea. Kwa hiyo jambo hili ni letu pia.

TUANZE NA KOSA LETU

Kabla ya kunyoosha kidole Dodoma, tujinyooshee wenyewe. Miaka michache iliyopita tulichimba kisima cha pampu ya mkono katika kijiji kimoja cha huku bondeni. Kikao cha kuchagua mahali pa kuchimba hakikuchukua hata nusu saa. Alisimama mtu mmoja mwenye sauti nzuri na maneno matamu, akasema mahali fulani panafaa kwa kuwa ni karibu na barabara na wageni watakiona kisima kwa urahisi. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma alinyoosha mkono, akaambiwa muda umekwisha. Muhtasari ukaandikwa, ukasainiwa, nasi tukaupokea.

Masika yaliyofuata mto ulifurika, maji ya matope yakakifunika kile kisima na kutuama hapo kwa majuma kadhaa. Tulipomfuata yule mama, alituambia kwa upole kwamba tangu utoto wake mahali pale huwa bwawa kila mto unapopanda. Ndilo alilotaka kulisema siku ile.

Hatukukosa fedha, saruji wala fundi. Tulikosa kumsikiliza mtu aliyejua. Wafadhili wetu, fedha ile ilikuwa yenu, na hatuoni sababu ya kulificha jambo hili. Tumelitanguliza ili msomaji aelewe kwamba ugonjwa tunaouzungumzia hauko kwa wakubwa peke yao. Ni tabia ya kumpa nafasi anayejua kusema, na kumnyima nafasi anayejua jambo.

JE, ZAMANI ILIKUWA BORA?

Wazee wetu husema kwamba viongozi wa zamani walijua kuzungumza kwa hoja. Lipo la kweli katika kauli hiyo, na lipo la kuangalia kwa makini.

Sisi watu wa Unyakyusa tuna neno ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa mazungumzo mema. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi huku pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilipa neno hilo nafasi kubwa katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Alieleza kwamba kwa wazee wetu busara haikuja kwa mtu kukaa peke yake, bali kwa kuzungumza na wenzake wa rika lake, kubishana nao na kusahihishwa nao. Hata malafyale hakutawala kwa kichwa chake tu. Walikuwapo amafumu, wakuu wa vijiji waliotoka kwa watu wa kawaida, ambao kazi yao mojawapo ilikuwa kumwambia ukweli.

Taifa nalo lilipozaliwa liliona kwamba uongozi hufundishwa. Mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni kilianzishwa Dar es Salaam, nacho kikawa mahali ambapo viongozi walijifunza uchumi, historia na namna ya kuendesha mambo ya umma. Mwaka 2005 chuo hicho kikageuzwa kuwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kinachofundisha wanafunzi wa kila aina. Kwa miaka mingi baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, diwani au mbunge mpya aliweza kuingia kikaoni akiwa na semina ya siku chache tu kichwani.

Hata hivyo tusiipake zamani rangi ambayo haikuwa nayo. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa waliokuwa wakikosoa mambo, nao wakapoteza viti vyao. Mmoja wao alikuwa Eli Anangisye, aliyetoka Rungwe, na wakati huo Kyela ilikuwa bado sehemu ya Rungwe. Kwa hiyo hata siku zile hoja ilikuwa na gharama.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1993. Wabunge waliojulikana kama kundi la G55, wakiongozwa na Njelu Kasaka wa Lupa hapa hapa mkoani Mbeya, walipeleka bungeni hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Wote walikuwa wa chama kimoja na Serikali yao. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, aliipinga kwa nguvu, na hatimaye hoja ile iliachwa. Lakini tazameni alivyoipinga: alikaa chini akaandika kitabu kizima, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akieleza sababu zake moja baada ya nyingine. Mtu anaweza kukubaliana na Kasaka au na Mwalimu. La kujifunza ni kwamba pande zote mbili zilieleza msimamo wao kwa sababu, na sababu hizo zinaweza kusomwa na kupimwa hadi leo.

MFANO KUTOKA JIMBONI KWETU

Wakati mwingine tunasahau kwamba mmoja wa mifano mizuri ya mjadala wa bungeni ulimhusu mbunge wa Kyela.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya umeme na nchi ikaingia katika mgawo mkali. Mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 ukapewa kampuni iliyoitwa Richmond. Umeme ulichelewa, maswali yakawa mengi. Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, liliunda Kamati Teule ya watu watano. Mwenyekiti alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wetu tangu 2005 hadi 2020, mwanasheria aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walikuwa Stella Manyanya, Lucas Selelii, Herbert Mntangi na Mohamed Habib Mnyaa. Manyanya na Mnyaa ni wahandisi, na Mnyaa alitoka chama cha upinzani.

Walifanya nini? Walisoma mkataba. Waliita mashahidi. Walifuatilia kampuni ile ilisajiliwa wapi na ilikuwa na uwezo gani. Februari 2008 ripoti ikasomwa bungeni, na kwa muda mfupi Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Kwa haki ni lazima tuseme pia kwamba Lowassa alilalamika mbele ya Bunge kuwa Kamati haikumhoji kabla ya kumtaja. Lalamiko hilo nalo ni la kufikiriwa, kwa kuwa kumsikiliza anayetuhumiwa ni sehemu ya mjadala mwema.

Lakini somo haliishii hapo. Mkataba ule ulikuwa umehamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Baadaye TANESCO ilipouvunja, kampuni hiyo ilikwenda kwenye mahakama ya usuluhishi ya Chama cha Kimataifa cha Biashara, na mwaka 2010 ikashinda fidia ya takriban shilingi bilioni 94. Maana yake nini? Mjadala mzuri uliokuja baada ya mkataba haukuweza kufuta gharama ya mkataba uliosainiwa bila umakini. Ujuzi unahitajika kabla ya kalamu kugusa karatasi. Hili ni kweli kwa megawati 100, na ni kweli kwa kisima kimoja cha kijiji.

KILICHOHARIBIKA NI NINI?

Katika mazungumzo yetu na kamati, tumeona sababu nne.

Ya kwanza ni fedha katika kutafuta uongozi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, baada ya mashirika ya kutetea haki kufungua shauri. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria zimebadilika, lakini sisi tunaoishi vijijini tunajua kwamba kanga, sukari na noti ya usiku bado zina nguvu kuliko sera. Aliyenunua kiti haoni sababu ya kusoma makabrasha, kwa sababu anajua hakuchaguliwa kwa kusoma.

Ya pili ni kupungua kwa majukwaa. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena moja kwa moja mijadala yote ya Bunge kama ilivyokuwa. Mwaka huo huo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Katika uchaguzi wa 2020 upinzani ulipata viti vichache mno vya majimbo. Mwanafunzi asiyepewa mtihani huacha kusoma. Kiongozi naye, asipokuwa na wa kumpinga wala wa kumtazama, huacha kujiandaa.

Ya tatu ni kugeuza hoja kuwa uadui. Aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, alisema katika mahojiano kwamba Bunge lina udhaifu katika kufuatilia ripoti zake. Swali la maana lingekuwa: je, ni kweli? Ripoti ngapi zimefuatiliwa? Badala yake mjadala ukawa juu ya neno lenyewe, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, naye yakamkuta. Desemba 2021 alitoa maneno ya wasiwasi juu ya deni la Taifa. Mjadala haukuenda kwenye tarakimu za deni, ulikwenda kwenye utii wake, na Januari 2022 akajiuzulu uspika. Hatusemi kwamba yeyote kati yao alikuwa sahihi katika kila alilosema. Tunasema kwamba mara zote mbili mwananchi alikosa jibu la swali.

Ya nne ni haraka. Oktoba 2022 Tanzania na Dubai zilisaini makubaliano juu ya bandari. Juni 2023 wananchi waliitwa kutoa maoni mbele ya kamati kwa taarifa fupi mno, na tarehe 10 ya mwezi huo Bunge likaridhia. Mjadala wa kweli ulikuja baadaye, nje ya ukumbi: kwa mawakili, kwa wasomi, na katika shauri lililofunguliwa Mahakama Kuu hapa Mbeya na kutupwa Agosti 2023. Mwezi huo huo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa tamko la kupinga makubaliano yale. Mojawapo ya maswali makubwa lilikuwa juu ya ukomo wa muda. Mikataba ya utekelezaji iliposainiwa Dodoma tarehe 22 Oktoba 2023, ule wa bandari ya Dar es Salaam ulitajwa kuwa wa miaka 30. Kwa hiyo maswali yana faida. Ingekuwa heri zaidi yangeulizwa na kujibiwa mapema, na wale tuliowatuma kuuliza.

Tunaongeza neno moja kwa huzuni. Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na maandamano, na Watanzania walipoteza maisha. Wengine wataeleza sababu zake kwa upana zaidi yetu. Sisi tunaona jambo moja tu: mahali ambapo watu hawaoni kikao cha kusemea, hasira hutafuta barabara. Tunaendelea kuwaombea waliofiwa.

UJUZI SI CHETI PEKE YAKE

Wapo wanaosema dawa ni kudai shahada kwa kila mgombea. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 67, inamtaka mbunge awe anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, pamoja na masharti mengine kama umri na uanachama wa chama. Wengi huona sharti hilo ni dogo mno.

Sisi tunasita kulikubali hilo moja kwa moja. Yule mama wa kisima hakuwa na cheti, lakini alijua maji yanapopita. Na tumewaona wenye vyeti wakisimama na kusema yasiyofanyiwa kazi hata kidogo. Cheti ni kitu chema, lakini ujuzi wa kiongozi unapimwa kwa mambo matatu: anajua jambo analoliamua, au anajua nani wa kumuuliza; anaweza kulieleza kwa lugha ambayo mkulima anaielewa; na yuko tayari kusahihishwa.

Chukueni kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipanda kupita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla, kwa sababu kubwa ya mavuno mabaya ya Ghana na Ivory Coast. Wakulima wetu walifurahi, wengine wakajenga. Mwaka 2025 bei ikashuka sana. Kiongozi asiyejua atasimama na kusema ni njama za wanunuzi, au atajigamba bei ilipopanda kana kwamba aliipandisha yeye. Kiongozi anayejua ataeleza soko la dunia, kisha atakuja kwenye yale tunayoweza kuyabadili hapa Kyela: makato katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uwazi wa mnada, usahihi wa mizani, na ubora wa kuchachusha na kukausha. Wa kwanza atapigiwa makofi. Wa pili ndiye atakayeongeza shilingi mfukoni mwa mkulima.

Au chukueni ziwa letu. Mwaka 2012 mgogoro wa mpaka na Malawi uliibuka upya baada ya nchi hiyo kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani. Mara tukasikia maneno ya vita. Laiti vita ingetokea, ya kwanza kuumia ingekuwa mitumbwi ya wavuvi wetu, ambao wana ndugu na masoko pande zote mbili. Ukweli wa jambo uko katika maandishi: mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliuweka mpaka ufukweni, upande wetu, nao Malawi wanaushikilia. Lakini ibara ya 6 ya mkataba huo huo ilitoa nafasi ya kurekebisha mistari kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali, na Tanzania imeshikilia mstari wa katikati ya maji. Shauri lilipelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Kiongozi aliyesoma ibara hizo ana la kuzungumza mezani. Asiyesoma ana ngumi tu.

MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI?

Kamati zisome pamoja sehemu hizi tatu.

Kutoka sura ya 18: Yethro anamshauri Musa agawe kazi ya kuamua mashauri. Anataja sifa za watu wa kuchaguliwa: wawe na uwezo, wamche Mungu, wachukie rushwa. Tuone kwamba uwezo umetajwa pamoja na uchaji. Mara nyingi sisi Wakristo hutosheka na kusema fulani ni mtu mwema wa kanisani, tukasahau kuuliza kama ataiweza kazi.

Wafalme wa Kwanza sura ya 12: Rehoboamu anapata mashauri mawili. Anayaacha ya wazee waliomtumikia baba yake, anashika ya marafiki waliokua naye, kwa kuwa yalimpendeza. Ufalme ukagawanyika. Kosa lake halikuwa kukosa washauri. Alichagua shauri kwa utamu wake.

Matendo ya Mitume sura ya 15: Kanisa la mwanzo linakutana Yerusalemu juu ya jambo gumu. Wanahojiana sana. Petro anasema, Barnaba na Paulo wanatoa ushuhuda wa waliyoyaona, kisha Yakobo anahitimisha na barua inaandikwa. Ubishani ule haukulivunja Kanisa. Uliliokoa.

TUFANYE NINI SASA?

Uchaguzi wa vijiji ulifanyika Novemba 2024, na uchaguzi mkuu Oktoba 2025. Tusingoje chaguzi zijazo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hilo ndilo bunge letu la kwanza. Tunapendekeza yafuatayo.

1. Kila kigango kichague watu wawili, mwanamke mmoja na kijana mmoja, wa kuhudhuria kila Mkutano Mkuu wa Kijiji na kuleta taarifa katika jumuiya ndogo ndogo.

2. Wajiandae kwa swali moja tu, lililoandikwa, lenye tarakimu. Kwa mfano: halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro za urejeshaji na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024. Katika kata yetu vikundi vingapi vimepata, na vingapi vimerejesha?

3. Swali lisiwe la kumwaibisha mtu. Mwenyekiti au diwani asipokuwa na jibu, apewe muda hadi mkutano ujao. Kusema sijui, nitatafuta, ni heshima, na tumpigie makofi anayesema hivyo.

4. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutolewa hadharani kila mwaka. Walimu na wastaafu waliomo parokiani wasome sehemu inayohusu halmashauri yetu, wawaeleze wengine kwa lugha nyepesi.

5. Katika vikao vyetu wenyewe, kabla ya kupitisha jambo, mwenyekiti amuulize kwa jina mtu ambaye hajasema, hasa aliyekaa nyuma.

MASWALI YA KUJADILI

a) Mara ya mwisho tulipompigia makofi kiongozi, alikuwa amesema nini hasa? Tunaweza kukirudia?
b) Ni jambo gani tunalolijua sisi watu wa Ikolo juu ya mito, ziwa au ardhi yetu, ambalo wataalamu wakija hawatuulizi?
c) Je, katika kamati yetu mtu anaweza kumpinga padre, katekista au mwenyekiti bila kuonekana adui?
d) Tulipokea kitu gani wakati wa kampeni? Kilitunyima haki ya kuuliza nini?

NENO KWA WAFADHILI WETU

Mmekuwa mkituuliza kama fedha ya mafunzo ya kamati ina faida, kwa kuwa haionekani kama kisima kinavyoonekana. Jibu letu ni kile kisima kilichofunikwa na maji. Siku hizi hatuchimbi kabla ya kutembea mahali penyewe pamoja na wazee wa eneo hilo, na muhtasari lazima uonyeshe nani alipinga na kwa sababu gani. Muhtasari usio na swali hata moja tunaurudisha. Jambo hilo linachelewesha kazi, na wakati mwingine linawaudhi watu. Tunaomba mtuvumilie katika ucheleweshaji huo.

Kisima cha pili kilichimbwa juu kidogo, mbali na barabara, mahali alipopaonyesha yule mama. Masika yalikuja, mto ukapanda kama kawaida yake, na watu waliendelea kuchota maji. Mungu atujalie viongozi wanaouliza, nasi atujalie moyo wa kuwasikiliza walioko nyuma.